Sauti Iliyokula Firigisi

Mume wangu alikuwa akifundisha filozofia katika shule moja ya sekondari huko Ibanda, mjini Bukavu, na kabla ya kuwapa wanafunzi wake somo lolote alinipa mimi kwanza. Alikuwa na neno lake: jambo ambalo huwezi kulieleza kwa lugha ya jikoni, hulijui, umelikariri tu. Basi kila Alhamisi, jua likielekea kuzama, alitandaza mezani makaratasi yake ya Kifaransa, akaniita, nami nikaja na mikono inayonuka kitunguu, nikakaa mbele yake. Yeye anasema Kiswahili, mimi nasikiliza. Nikielewa, somo limeiva. Nikikuna kichwa, analivunja na kulianza upya.

Msidhani nilikuwa na akili nyingi. Shule niliiacha mapema, na siku nyingine nilisinzia palepale kwenye kiti huku yeye akinyoosha kidole juu. Lakini katika mtaa wetu wa Kadutu hapakuwa na mwanamke mwingine ambaye mumewe alimtafuta kwa ajili ya kichwa chake, hata kama kichwa chenyewe kilikuwa kizito. Wenzangu waliitwa kwa sababu ya chumvi au shati lenye kifungo kilichokatika. Mimi niliitwa kwa sababu ya kweli na uongo, roho na mwili, na mambo mengine ya namna hiyo. Nilikipenda kiti kile kuliko vitenge vyangu vyote, na nilikuwa na vitenge vizuri.

Somo ninalolikumbuka kuliko yote ni lile la woga. Mvua ilikuwa inakuja kutoka upande wa ziwa, ile mvua ya alasiri ambayo Bukavu tunaijua, na radi zilikuwa zinapiga juu ya vilima. Mimi radi naiogopa. Nyumba yetu ilikuwa ya mabati, na kwa jirani juu kidogo radi ilikuwa imekwisha kuua mbuzi wawili kwenye kamba yao. Nilikuwa nimejificha nyuma ya kabati.

"Maman, kuya hapa ku dirisha," akaniita. "Kuya uone somo."

"Somo gani? Kufa?"

"Kuya tu."

Nikaenda. Akanishika mkono, akaniambia niangalie mwanga unavyokatika juu ya maji. Akasema kuna uzuri wa ua, ambao mtu anautazama na kutabasamu, na kuna uzuri mwingine mkubwa zaidi ambao hautazamiki bila kutetemeka. Huo wa pili, alisema, una woga ndani yake. Ila mtu asimame mahali salama, awe na ukuta au mlima kati yake na hatari, ndipo woga unageuka kuwa raha. Akaniuliza kama nimeelewa. Nikamwambia nimeelewa, ila bati si mlima. Akacheka sana, akaandika maneno hayo pembeni ya karatasi yake, na mkono wangu hakuuachia mpaka mvua ilipopungua.

Ilikuwa miaka ile ambayo serikali ilitutaka sote tuitane citoyen na citoyenne, yaani wananchi. Wanaume walikwisha kuvua tai na kuvaa abacost, koti lisilotaka tai, na majina yetu ya ubatizo, yaliyokuwa yamekatazwa, tuliyatumia nyumbani kwa sauti ya chini. Kanisani lakini ngoma zilikuwa zimeruhusiwa, na kwaya ya parokia yetu ilijaa. Siku moja ya Jumapili, katika kwaya hiyo, ilitoka sauti ambayo hatukuijua.

Kwaya yetu ilikaa juu, nyuma ya watu, kwa hiyo aliyekuwa anaimba hakuonekana bila kugeuka, na kugeuka wakati wa misa ni utovu wa adabu. Wanawake tulikaa kushoto, wanaume kulia. Mimi nilikuwa na desturi ya kumwangalia mume wangu kutoka upande wetu, kwa sababu alikuwa na tabia ya kuwaza masomo yake wakati wa mahubiri. Siku hiyo nilimwona amefumba macho. Kichwa amekiinamisha kidogo, mdomo uko wazi, kama mtoto aliyelala. Nilimfahamu mwanamume huyu mpaka kucha za miguu yake, na uso ule sikuwahi kuuona, hata siku ya harusi yetu.

Sauti ilikuwa nzuri. Nisiseme uongo kwa sababu ya hasira. Ilipanda bila kusukumwa, ikafika juu, ikakaa huko kana kwamba ndiko nyumbani kwake. Mama aliyekuwa karibu nami alifuta machozi. Mimi nilifuta jasho.

Alhamisi iliyofuata somo lilikuwa juu ya hisi tano za mwanadamu na uzuri. Alisema jicho na sikio ni hisi za heshima, kwa sababu zinapokea kitu bila kukila wala kukishika: ukiangalia ziwa, ziwa linabaki, ukisikiliza wimbo, hujaupunguza. Lakini pua, ulimi na ngozi ni hisi za chini, zinataka kumiliki.

"Kwa hiyo sombe yangu aiko nzuri?" nikamuuliza, maana mboga yangu ya majani ya muhogo aliipenda kuliko chakula chochote.

"Iko tamu. Tamu na nzuri ni bintu mbili."

"Na mutoto mudogo ukimukumbata?"

"Maman, usiharibu somo."

Sikuwa na nia ya kuharibu somo. Nilitaka kujua niko wapi ndani yake. Mimi sauti sina, nikiimba hata mbwa wa jirani analalamika. Sura yangu ni sura ya watu. Alivyokuwa navyo kwangu mume wangu ni chakula, harufu ya nyumba na mwili wangu kitandani, na vyote vitatu alikuwa ameviweka ghorofa ya chini. Niliondoka mezani nikaenda kupiga sahani jikoni kwa nguvu.

Baada ya hapo sauti ikapata mwili. Alikuwa mwalimu mgeni wa shule ya wasichana, kijana, mzaliwa wa Mwenga, aliyefiwa na wazazi mapema akalelewa na masista toka utoto. Mume wangu alikutana naye kwenye mkutano wa walimu, akasikia anavyosema, akamtambua. Haya yote alinieleza mwenyewe, bila kuficha, kwa furaha, na ndiyo maana yaliniuma. Mwanamume anayeficha angalau anajua kuna kitu cha kufichwa.

Halafu ikaja Alhamisi ambayo hakuniita. Nilikoroga bugali, nikangoja. Nikaosha vyombo, nikangoja. Mwishowe nikaenda sebuleni nikifuta mikono, nikamkuta anapanga makaratasi yake kwenye mfuko.

"Leo hakuna somo?"

"Iko. Lakini nimekwisha kulieleza kwa ile citoyenne ya kwaya, pale ku shule. Yeye alielewa mbio."

Alielewa mbio. Kama angeniambia amemshika kiuno nisingeumia hivyo. Majirani walikwisha kuanza kunitania kwamba mume wangu anajenga bureau ya pili, ndivyo tulivyoita wakati ule nyumba ndogo ya mwanamume, nami nilikuwa nawajibu kwa kicheko, kwa sababu mwili wa yule binti haukunitia hofu. Niliyekuwa namwogopa ni huyu aliyekaa kwenye kiti changu na kuelewa mbio. Toka siku hiyo niliona kwamba mume wangu amesahau hisi moja katika hesabu yake. Wivu unasikia hatua kabla mlango haujafunguliwa. Unanusa sabuni ngeni kwenye shati ambalo halijaguswa na mtu. Ukiwa nao, hulali na huli, unaona tu.

Mama mkwe wangu alishuka kutoka Kalehe mwezi huo kuja kung'olewa jino. Mume wangu akasema Jumapili tumwalike yule mwalimu, maana yuko peke yake mjini, hana ndugu. Nikasema sawa. Mgeni njoo, mwenyeji apone, nikasema hata hivyo, kwa mdomo mtamu kabisa. Moyoni nilikuwa nimekwisha kupanga vita. Kama yeye amekamata sikio la mume wangu, mimi nitamkamata pua na ulimi. Nilimchinja jogoo mkubwa tuliyekuwa tukimngojea Noeli. Nilitwanga sombe yangu mwenyewe, nikatia karanga, nikakaanga sambaza, wale samaki wadogo wa ziwani, wakakauka vizuri, bugali nikaigeuza mpaka mabega yakawaka moto. Harufu ilitoka ikashuka mpaka barabarani.

Akaja. Alikuwa mwembamba, meno mazuri, viatu vimepakwa rangi safi. Alimsalimia mama mkwe kwa magoti, akanishika mikono yote miwili, akawapa mabinti zangu watatu biskuti. Na alipokula, alikula! Alikula kwa njaa ya mtu aliyekulia bwenini, akasema, "Maman, tangu nizaliwe sijakula sombe ya namna hii," na nikaona machoni kwake kwamba anasema kweli. Nilitaka awe mtu mbaya. Mtu mbaya unamchukia, unamaliza, unalala. Huyu nilikuwa namwongezea chakula.

Mume wangu yeye hakuonja chochote kwa akili. Alikuwa anaeleza. Alimweleza mama yake, aliyekuwa ameshika shavu lake lililovimba, kwamba ulimi ni hisi ya chini, na kwamba sisi watu weusi na wazungu vilevile tumejaza ulimi miiko isiyo na maana, woga mtupu juu ya vipande vya nyama.

"Angalieni kwa mufano hii," akasema, akainua firigisi kutoka kwenye sahani yake.

Lazima nieleze. Katika ukoo wao firigisi ya kuku ni ya mwenye nyumba. Mke akipakua bila kuiweka kwenye sahani ya mumewe, ni kesi. Mwanamke haiigusi, isipokuwa mara moja tu: siku kijana anapotaka kuwaonyesha wazazi msichana aliyemchagua, anaitoa firigisi kwenye sahani yake mwenyewe mbele ya mama yake, anampa yule msichana, naye anaila. Hakuna anayesema neno. Baada ya hapo wazee wanaanza kuzungumza ng'ombe wa mahari. Mimi nilipewa hivyohivyo, Kalehe, nikiwa msichana, nikaitafuna huku nalia kwa furaha, na ilikuwa ngumu, kwa kuwa yule kuku alikuwa mzee.

"Iko nyama tu," mume wangu akasema, akaiweka kwenye sahani ya mgeni. "Onja, citoyenne. Uwaambie kama mbingu imeanguka."

"Merci, citoyen," akasema yule binti, akaitia mdomoni.

Niliangalia taya lake linavyokwenda. Nilikuwa nimeipika firigisi ile kwa mikono yangu, nimeitia pilipili kidogo anavyopenda mume wangu, na sasa nilikuwa nasikia inavyovunjika kwenye meno ya mwanamke mwingine. Alimeza. Ndipo mama mkwe, na shavu lake lote, akapiga vigelegele.

Mume wangu aliruka kama mtu aliyeamshwa. Aliniapia baadaye kwamba aliukumbuka mwiko wote pale aliposikia vigelegele, si kabla, na ninamwamini. Hakuwa mjinga wa mila za kwao, alikuwa amelewa maelezo yake mwenyewe. Akaanza kusema, "Mama, hapana, mama, ilikuwa mufano," lakini mama yake alikwisha kusimama, akawa anamshika yule binti kichwa na kumwita mukamwana, mke wa mwanawe. Miaka yote nilikuwa najua anachokitaka. Nilimzalia wajukuu watatu, wote wasichana, na kila nilipobeba mimba alikuwa akiniangalia tumbo kama mtu anayekagua mihogo sokoni.

Mgeni alicheka, akidhani ni heshima ya wageni. Akaimba hata wimbo mmoja kabla ya kuondoka. Kesho yake mama mkwe alipanda gari la kwanza kurudi Kalehe, jino liko mdomoni bado.

Jumatatu jioni yule binti alikuja peke yake kuleta kipande cha sabuni nzuri, asante ya chakula. Mume wangu hakuwepo. Nilimkaribisha kwenye kiti, nikamweleza firigisi ni nini. Nilimweleza polepole, na sioni haya kusema nilipata raha kidogo. Alifunika mdomo kwa mkono.

"Maman, mi sikujua. Kwa masista kila mutu anakula kile iko mu sahani."

"Sasa umejua."

"Bananiona namna gani? Bananiona kama muizi?"

"Banakuona weye ni bibi ya pili."

Akalia. Nilimtazama shingo wakati analia, mahali pale sauti inapotokea, na hata kilio chake kilikuwa kinapendeza. Hasira ilinipanda upya kabisa. Toka wiki hiyo aliacha kuimba peke yake, akawa anasimama katikati ya wenzake, sauti ameizika, na parokia yote ikaanza kuuliza kuna nini.

Maji yakimwagika hayazoleki. Dereva wa lori alituletea habari kwamba baba wakubwa na baba wadogo wamekutana, kwamba ng'ombe wawili wamekwisha kutajwa, kwamba wanatafuta ndugu yeyote wa yule binti upande wa Mwenga wampelekee neno. Mume wangu alikaa na habari ile mchana mzima. Baadaye akaniambia twende wote wawili, kwa kuwa wazee hawatamsikiliza bila mimi kuwepo. Niliwaacha watoto kwa jirani. Tulipanda lori lenye mizigo ya chumvi, tukafuata ziwa, na njia nzima hakusema chochote cha filozofia.

Walitungojea nyumbani kwa kaka mkubwa wa marehemu baba yake. Wazee walikaa kwenye viti, kasiksi, pombe yetu ya ndizi, ikapita, mama mkwe alikaa kwenye mkeka mlangoni na kitambaa kipya kichwani. Mimi nilikaa nyuma ya mume wangu, kidogo kando, ambapo sikuona uso wake. Alisimama. Akaeleza. Akaanza na hisi tano, akasema firigisi ilikuwa mfano, kama mwalimu anavyochora ng'ombe ubaoni na hakuna anayetaka kumkamua ng'ombe huyo. Wazee walicheka mpaka wakashika magoti. Sikuwahi kumwona mume wangu akichekwa, nikamhurumia, nikataka kusimama niwaambie alivyo mtu mkubwa katika mji.

Baba yake mkubwa alifuta machozi ya kicheko, akaweka kibuyu chini.

"Mutoto, usitupeleke ku masomo. Sisi tuko batu ya kulima. Ulipana kile kintu mbele ya mama yako, na binti alikula. Mi nakuuliza neno moja, unijibu ndiyo ao hapana. Ule mwanamuke, unamutaka ao haumutake?"

Ndama alilia huko nje. Mtu alihamisha mguu wake. Mume wangu alinyamaza.

Haikuwa muda mrefu. Kwa wazee ilikuwa pumzi ya mtu anayeheshimu swali. Mama mkwe alinyoosha shingo, basi. Lakini mimi nilikuwa nimemsikiliza mwanamume huyu miaka yote ya ndoa yetu, kazi yangu ilikuwa kumsikiliza, na nilijua kwamba jibu asilolijua hulizungukia kwa maneno mengi, na jibu analolijua hulitoa mara moja. Hakuwahi kunyamaza mbele ya swali, ila lile ambalo jibu lake lilimtisha.

"Hapana," akasema. "Simutake."

"Bien," akasema mzee. "Imekwisha. Mupatie bibi yake pombe."

Wakanipa kibuyu, nikanywa. Mama mkwe aliingia ndani, kitambaa akakivua. Wanawake wa ukoo walinizunguka, wakanipongeza, wakanipiga piga mgongoni kwamba nimeshinda, na mume wangu alinigeukia akatabasamu kwa mara ya kwanza baada ya siku nyingi. Alhamisi iliyofuata aliniita mezani. Aliendelea kuniita hivyo mpaka alipoacha kufundisha, na hakuniumiza tena, wala kwa neno wala kwa mwanamke. Yule binti aliolewa na mwanamume wa Luvungi anayelima mpunga, nasikia anaimba huko pia na ana watoto wengi. Yeye simwonei wivu tena, namwombea hata mema. Ninachokionea wivu ni ule muda mdogo mume wangu aliponyamaza mbele ya wazee wake, maana chochote alichokuwa anakisikiliza humo ndani, mimi sikuwamo.